Msiwaambie wagonjwa kwamba Baba Yetu haina nguvu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda sasa na naona halisemwi wazi, sijui watu wanaogopa kuonekana wanapinga maombi. Hapa mjini saivi kuna kauli imeenea kweli kweli, utaisikia kwenye daladala, kwenye redio, kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, kwamba sala za kukariri sio maombi. Ukisali Baba Yetu ukanyamaza unaambiwa bado hujaomba, hiyo ni dini tu, paza sauti, vunja, amuru, ng'oa. Na anayesali rozari ndo kabisa, anaonekana mtu wa kuhurumiwa.

Mimi ni Mlutheri, nimezaliwa Machame, shangazi yangu aliolewa Kibosho akawa Mkatoliki, kwa hiyo tumekua tukiona namna zote mbili za kusali na hazijawahi kutugombanisha. Mwaka jana shangazi alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yakapotea. Yani anakuangalia, anakujua vizuri, anataka kusema maji kinatoka kitu kingine, anakasirika, analia. Siku moja muda wa kuona wagonjwa wakaingia wodini watu wa maombi wakamkuta ameshika rozari, dada mmoja akamwambia mama achana na hizo shanga, fungua kinywa uombe kwa maneno yako mwenyewe, Mungu anataka kusikia sauti yako. Mtu ambaye hata jina la mwanae lilikuwa limemshinda! Wakaomba kwa nguvu wakahamia kitanda kingine, shangazi kageukia ukutani hataki kumwangalia mtu.

Jioni ile ile tulisali naye. Tulianza Baba Yetu taratibu mimi na binti yake, tukasikia na yeye kaingia, sauti ya chini lakini maneno yamenyooka. Mimi nasema "ufalme wako uje" yeye anasema "ufalme wako ufike" kama wanavyosali Wakatoliki, na alipofika mwisho mimi nimeshaishiwa na sauti kwa machozi, yeye kamalizia mwenyewe "utuopoe maovuni", hakukwama popote. Daktari alitueleza kwamba hilo linatokea, mtu aliyepoteza maneno kwa kiharusi anaweza kubaki na yale aliyoyarudia tangu utotoni, sala, nyimbo, kuhesabu, siku za wiki, maana hayo ubongo hauyatoi kwa njia ile ile ya maneno ya kutunga papo hapo. Kwa hiyo ile sala "ya kukariri" ndo ilikuwa sala pekee aliyobaki nayo, na ndo hiyo hiyo aliambiwa aiache.

Najua watanijibu kwa Mathayo 6, msipayuke-payuke kama watu wa Mataifa. Sawa, ila tusome mpaka chini jamani. Yesu anakataza maneno mengi, kabla ya hapo ameshasema ingia chumbani kwako ufunge mlango, halafu hapo hapo anasema basi ninyi salini hivi, na anawapa maneno. Na kwa Luka sura ya 11 ni mwanafunzi wake mwenyewe aliyemwomba awafundishe kusali kama Yohana Mbatizaji alivyowafundisha wanafunzi wake, na Yesu hakumwambia kila mtu akaombe anavyojisikia. Kule Gethsemane Mathayo anasema Yesu alienda akaomba mara ya tatu akisema maneno yale yale. Maneno yale yale! Na msalabani, kwenye maumivu makali kuliko yote, aliposema "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha" ni mwanzo wa Zaburi ya 22, na "mikononi mwako naiweka roho yangu" ni Zaburi ya 31. Sasa kama Bwana mwenyewe alikufa na sala za zaburi mdomoni, nani anapata wapi ujasiri wa kumwambia mama wa watu kwamba za kwake hazifiki? Zaburi ya 136 ina mistari 26 na kila mstari unarudia kwamba fadhili zake ni za milele, hiyo nayo tuite kupayuka?

Kwa Walutheri wenzangu ambao nao wameanza kuona aibu na vitabu vya sala niwakumbushe kitu. Mwaka 1535 kinyozi wake Martin Luther, yule ambaye kanisa letu limeitwa kwa jina lake, kinyozi aliyeitwa Peter, alimuuliza namna ya kusali, na Luther akamwandikia. Anasema yeye mwenyewe akiona moyo umepoa kwa sababu ya kazi na mawazo mengine anachukua zaburi zake, anaingia chumbani au anaenda kanisani, anasema Amri Kumi, Imani ya Mitume, maneno ya Kristo, tena anayasema kama watoto wanavyoyasema. Halafu anafundisha kuchukua kila amri na kuiuliza inanifundisha nini, nishukuru nini, nitubu nini, niombe nini. Na anamwambia kinyozi habari ya kazi yake mwenyewe, kwamba kinyozi mzuri akili na macho viko kwenye wembe na nywele, akipiga soga huku anaangalia pembeni atamkata mtu pua au koo. Hakuwa anatetea kuimba sala kama kasuku, alisema kabisa kwamba Baba Yetu ndo mfiadini mkubwa kuliko wote duniani kwa jinsi kila mtu anavyoitesa, ila dawa aliyoitoa ni kuisali kwa utulivu.

Zamani zaidi, mwaka 412 hivi, Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini, alimwandikia mjane mmoja Mroma, Proba, jambo hilo hilo, akamweleza kwamba ndugu wa kule Misri wanasali mara nyingi lakini sala fupi sana, na kwamba ukisali inavyopaswa, chochote utakachosema kimeshakuwemo ndani ya Baba Yetu. Waorthodoksi mpaka leo wana ile ya mstari mmoja, Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi, mtu anaweza kuisali siku nzima na kamba yake ya mafundo mkononi huku analima.

Siwapingi wanaoomba kwa sauti. Mikesha nimeenda, na Paulo kwenye Wakorintho wa kwanza sura ya 14 anasema ataomba kwa roho na ataomba kwa akili pia, zote mbili. Uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaja mpaka kwetu uliwafundisha watu wengi kumwambia Mungu mambo yao kwa maneno yao wenyewe, na wazee wetu waliupokea bila kuacha Baba Yetu. Ninachokipinga ni kumfanya mtu aamini sala yake ni dhaifu, maana akishaamini hivyo hatasali tena peke yake, ataanza kutafuta wa kumwombea, leo huyu kesho yule, na kila mahali anaacha nauli na sadaka. Hata kwenye Biblia yule mama aitwaye Hana, mke wa Elkana, aliomba midomo inacheza tu sauti haitoki, kuhani Eli akadhani mwanamke kalewa. Kuhani ndo alikuwa amekosea pale.

Ombi langu kwa makanisa yote yanayotuma watu mahospitalini, na nashukuru mnawatuma maana wagonjwa wengi hawana mtu, wafundisheni kabla ya kuanza wamuulize mgonjwa kwa upole, mama wewe umezoea kusali sala gani, kisha wasali hiyo pamoja naye, hata kama ni rozari na wao sio Wakatoliki, hata kama anatikisa kichwa tu. Na walimu wa kipaimara na wa shule ya Jumapili, msiache kuwakaririsha watoto Baba Yetu na zaburi mbili tatu, wanung'unike wasinung'unike.

Msomaji wenu,
Mbezi, Dar es Salaam