Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: Kisu cha Daktari Sicho Kinachosambaza Kansa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: ELIMU KWA WANANCHI KUHUSU KUSAMBAA KWA SARATANI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari wilayani Ilemela. Naandika kuhusu imani ambayo bila shaka umekutana nayo mara nyingi kuliko mimi, kwamba kansa ikiguswa na kisu inatawanyika. Pale mwaloni Kirumba, mama mmoja muuza dagaa alikataa kukatwa kinyama cha mlango wa kizazi kikapimwe, akieleza kuwa dada yake alikatwa na haukupita muda ugonjwa ukawa mwili mzima. Wenzake waliokuwa wakipima dagaa kwa sado walimuunga mkono.

Kumwambia mama huyo kwamba ana imani potofu hakumsaidii, kwa sababu alichokishuhudia ni kweli: dada alikatwa, kisha ugonjwa ukaenea. Anachokosa ni kuelezwa nini hasa kiliueneza.

Seli zetu zina protini zinazozuia uvimbe. Mojawapo ni p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ambayo DNA (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli) ikiharibika huisimamisha seli isigawanyike au huifanya ijiue. Nyingine ni Rb, ambayo huizuia seli kugawanyika kabla ya wakati wake. Kirusi cha HPV, hasa aina ya 16 na ya 18 ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, hutengeneza protini zake mbili: E6, inayosababisha p53 ivunjwevunjwe, na E7, inayoifunga Rb isifanye kazi. Seli zilizopoteza p53 na Rb huendelea kugawanyika na kulimbikiza kasoro kwa miaka mingi, aghalabu bila maumivu yoyote.

Miongoni mwa kasoro hizo ni kupungua kwa kadherini-E, protini inayozishikanisha seli kama kamba inavyoshikanisha mitumbwi iliyoegeshwa. Ikipungua, seli huachana, hupenya tishu za jirani, huingia kwenye mishipa ya limfu na ya damu, na kutua kwenye tezi za nyonga, mapafu au ini. Umuhimu wa protini hii ulidhihirika mwaka 1998, pale ilipobainika kuwa kasoro ya kurithi katika jeni yake ndiyo sababu ya saratani ya tumbo kuziandama familia za Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, kizazi baada ya kizazi, saratani ambayo seli zake hupenya ukuta wa tumbo moja moja. Yote hayo hutokea pasipo kisu.

Kwa hiyo yaelekea seli za dada yule zilikuwa zimeshasafiri kabla hajafika hospitali. Sidai kwamba hatari haipo kabisa, maana kwa baadhi ya saratani imewahi kuonekana seli zikifuata njia ya sindano ya kipimo, lakini hilo ni nadra, na bila kinyama daktari hana msingi wa kuchagua kati ya upasuaji, mionzi na dawa.

Naomba basi ofisi yako iagize kwamba kabla ya kinyama kuchukuliwa, mgonjwa na ndugu aliyemsindikiza waelezwe jambo hili kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kisukuma, na kwa Kikerewe kule Ukerewe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofika mialoni na visiwani wafundishwe pia, kwa kuwa vipeperushi vya "wahi hospitali" tunavyo tele, ila havisemi tunawahi nini. Vilevile wazazi wanaouliza kwa nini binti wa miaka 9 hadi 14 achanjwe HPV wajibiwe kwa hoja hiyohiyo: chanjo hukizuia kirusi kabla hakijaingia kwenye seli na kuifikia p53, na haiwezi kukiondoa kikishaingia.

Niko tayari kusaidia kuandaa maelezo ya ukurasa mmoja. Ningeshauri yasomwe kwanza mbele ya akina mama wa mwalo mmoja kabla ya kuchapwa, kwa sababu wao ndio watakaosema ni sentensi ipi haieleweki.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Baiolojia, Ilemela