Kifaransa vyuoni kianzie kwenye Kiswahili chetu

Kwa Mhariri,

Mimi ni mkaazi wa Mombasa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, ninayesomea lugha ya Kifaransa na isimu yake, yaani uchunguzi wa kitaalamu wa lugha. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu muhula wa kwanza: sisi vijana wa Pwani tunafundishwa Kifaransa kwa kupitia Kiingereza, ilhali lugha tuliyozaliwa nayo ingetufikisha mapema zaidi.

Nianze na somo la fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha. Mhadhiri alitueleza kwamba Mfaransa anapotamka neno kama Paris, sauti ya p haitoki na pumzi kama inavyotoka kwa Mwingereza, akatutaka kila mmoja ashike kipande cha karatasi mbele ya midomo na ajaribu mpaka karatasi isitikisike. Darasa zima lilihangaika, na karatasi zikawa zinapepea tu, kwa sababu sote tulianzia kwenye matamshi ya Kiingereza ambayo kitabu kilikuwa kimetuwekea kuwa kipimo. Hapo nikamkumbuka bibi yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, na jinsi anavyotenganisha paa la nyumba na paa mnyama wa mwituni. Katika Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, hayo ni maneno mawili yasiyofanana kwa matamshi: la nyumba halina pumzi, la mnyama linayo, kama vile kaa la moto lisivyotamkwa sawa na kaa wa baharini. Nikatamka paa la nyumba, karatasi ikatulia. Nikatamka paa wa mwituni, ikapepea. Kumbe p ya Paris ni p ya paa la nyumba! Wenzangu wawili wa Likoni na mmoja wa Kisauni waliipata pale pale. Tofauti hiyo haimo katika maandishi ya Kiswahili sanifu, lakini imo masikioni mwetu tangu utotoni, na katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa ametuuliza habari zake.

Jinsia za nomino nazo tuliambiwa tuzikariri tu, kwa kuwa Kiingereza hakina jambo kama hilo. Lakini mtoto aliyekuwa akisema "kiti changu kimoja kimevunjika" kabla hajaingia chekechea ataogopaje lugha yenye makundi mawili tu ya nomino, la kiume na la kike? Anachohitaji kuonyeshwa ni kwamba upatanisho wa Kiswahili, yaani maneno kubadilika kufuatana na nomino, husikika neno kwa neno, ilhali wa Kifaransa mara nyingi huandikwa bila kusikika. Ukiandika les petites tables, yaani meza ndogo, alama ya wingi utaiweka mara tatu, lakini msikilizaji ataupata wingi huo katika neno les peke yake. Ningeelezwa hivyo siku ya kwanza, nisingepoteza muhula mzima nikidhani kwamba masikio yangu ndiyo mabovu.

Nalipenda zaidi neno divai, ambalo kila msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua. Asili yake ni du vin ya Kifaransa, na ile du si sehemu ya jina la kinywaji. Ni neno dogo linalotangulia nomino, likanaswa na kumezwa. Krioli ya Mauritius imefanya vivyo hivyo ikayaita maji dilo, kutokana na de l'eau, na Kilingala, lugha ya Kongo, kikaiita hospitali lopitalo, kutokana na l'hôpital. Sisi nasi tulikwisha kuyafanya hayo kwa Kiarabu, kwani al ya Kiarabu imo ndani ya alfajiri, alasiri na Alhamisi, wala hatuioni tena. Mwanafunzi wa hapa anaweza kuielewa mada nzima ya ukopaji wa maneno kwa mifano aliyoamka nayo asubuhi.

Wala wazo la kuziweka lugha hizi mbili pamoja si geni. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, aliandika kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, na ndani yake mna maneno ya Kimvita, Kiamu cha Lamu na Kingazija cha Komoro.

Wapo wazazi wanaouliza mtoto aliyesomea Kifaransa atakula wapi. Shehena za Burundi na za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi zinazotumia Kifaransa, zinapita bandarini Kilindini, na Komoro, ambako Kifaransa ni mojawapo ya lugha rasmi, ni majirani na jamaa zetu. Mimi sina wasiwasi na hilo.

Wasiwasi wangu uko darasani. Mwaka jana nilitumia mifano ya Kiswahili katika insha ya mofolojia, yaani elimu ya maumbo ya maneno, nikakatwa alama, nikaambiwa mifano inayokubalika ni ya Kifaransa au ya Kiingereza. Iliniuma, kwa sababu mifano yenyewe ilikuwa sahihi. Sikikatai Kiingereza, vitabu vingi vya taaluma vimeandikwa kwacho na tutaendelea kuvisoma. Ninachoomba ni kwamba kila idara ya Kifaransa yenye wanafunzi wa Pwani iwe na somo la isimu linganishi ya Kifaransa na Kiswahili, lifundishwe mwaka wa kwanza wala si wa mwisho, na wahadhiri wa Kiswahili washirikishwe kulitunga. Istilahi tunazo tayari: fonimu, silabi, kiambishi, upatanisho wa kisarufi.

Wanafunzi wapya watakapoingia darasani na kupewa kile kipande cha karatasi, waambiwe waanze na paa la nyumba.

Mwanafunzi wa Kifaransa na Isimu,
Mombasa.