Wiki ya kawaida haipo mwaloni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watafiti wa afya wanaokuja mwaloni Kirumba, soko letu la dagaa kando ya Ziwa Victoria, na vishikwambi vyao kutuuliza kama tunafanya mazoezi. Siwakatazi kuja. Waje hata mara mbili ya wanavyokuja sasa, ila waje kwa namna ambayo majibu yetu yatawafaa wao na sisi.

Nilianza kubeba magunia ya dagaa hapa mwaka 1996, miezi michache baada ya MV Bukoba kuzama. Nilikuwa na miaka 24. Nimebeba hadi 2018, miaka 22, kutoka kwenye boti za visiwa vya Ukara na Goziba, napita juu ya ubao, nakanyaga mchanga uliolowa, napandisha hadi kwenye lori. Goti la kulia lilipogoma, tajiri mmoja alinionea huruma akanipa daftari na kiti kando ya mizani. Tangu hapo kazi yangu ni kuandika kilo. Nakaa saa tisa, siku nyingine kumi, na chai naletewa hapo hapo.

Siku moja akaja binti wa utafiti, mwenye adabu zake, akaniamkia kabla hata ya kujitambulisha. Taasisi iliyomtuma siitaji. Aliniuliza kazi niliyoifanya muda mrefu zaidi, nikamwambia kubeba, akasema basi nijibu kama mchukuzi. Akasoma kwenye kioo: "Baba, katika wiki ya kawaida, ni siku ngapi ulikuwa unafanya kazi nzito ya kukufanya uheme sana, kwa dakika kumi mfululizo au zaidi?"

Nikamuuliza: wiki ya giza au ya mbalamwezi?

Kidole chake kikabaki hewani. Akashuka chini kwenye kile kioo, akapanda juu, akarudi chini. Akaniambia kwa upole hakuna mahali pa kuandika hilo.

Kwa msomaji wa mbali na ziwa, nifafanue. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo boti zinavutwa nchi kavu na watu wanashona nyavu. Huku mwaloni magunia yanapungua hadi unayahesabu kwa vidole. Giza likirudi, dagaa wanavuliwa, wanaanikwa, na baada ya siku chache mzigo unaingia kwa fujo, malori ya Kongo yamejipanga, na mchukuzi anabeba tangu alfajiri hadi jua linazama. Mtafiti akija wakati wa mbalamwezi atamkuta kijana amelala chini ya turubai, ataandika mvivu. Akija wakati wa giza, kijana huyo huyo hana hata nafasi ya kusimama kujibu. Kalenda yetu ni mwezi wa angani, na wiki ya kawaida haimo ndani yake.

Halafu zile dakika kumi mfululizo. Kutoka botini hadi kwenye lori ni dakika mbili, tatu kama ubao unateleza. Unashusha, unarudi mikono mitupu, unabeba tena. Kwa kipimo hicho magunia yangu yote ya miaka 22 hayahesabiki. Nimeambiwa Shirika la Afya Duniani lenyewe lililiondoa sharti hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2020, likasema kila mwendo una faida hata ukiwa mfupi, na lengo la mtu mzima liwe dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au nusu ya hizo kwa kazi ya kuhemesha. Mbona kishikwambi cha binti kilikuwa bado na sharti la zamani?

Mwishowe akaniambia, "Tuweke siku tano, baba." Tukaweka tano.

Naliandika hili kwa sababu tano kama ile haziishii mwaloni. Mwaka 2018 zilitolewa takwimu za nchi 168 kuhusu watu wasioushughulisha mwili vya kutosha. Jirani zetu Uganda walitajwa kuwa na watu wachache zaidi wa namna hiyo, na Tanzania ikawa karibu nao. Tukasifiwa. Takwimu za aina hiyo hujengwa kwa majibu ya maswali kama niliyoulizwa mimi. Ndani yake zimo tano nyingi za kuwekwa.

Binti yangu wa pili anasomea afya ya jamii, na nilipomsimulia habari hii alianza kunisomea jioni mambo ambayo sikujua kama watu wazima waliosoma hukaa wakayapima. Kuna daktari wa London, Jerry Morris, aliyechapisha mwaka 1953 habari za mabasi yao ya ghorofa. Dereva anakaa siku nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi siku nzima. Wote wana mwajiri mmoja na wanakaa mji mmoja, lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakachunguza hata vipimo vya suruali za sare, wakakuta madereva ni wapana viunoni kuliko makondakta wa umri wao. Hapo nilimwambia binti asome tena. Suruali niliyokuwa nikivaa mwaka 2018 ninayo bado, na kifungo chake sasa kinaishia mbali na tundu kwa upana wa vidole vinne. Mimi nimekuwa kondakta, kisha nikawa dereva. Presha waliigundua mwaka wangu wa pili kitini.

Akanisomea tena habari za makuli wa bandari ya San Francisco. Daktari Ralph Paffenbarger aliwafuatilia zaidi ya 6,000 kwa miaka 22, sawasawa na miaka yangu ya ubao, na matokeo yakachapishwa mwaka 1975: waliokuwa na kazi nzito zaidi walikufa kwa moyo karibu nusu tu ya wenzao wa kazi nyepesi. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Nilijiona kama mtu aliyelipwa deni la zamani.

Lakini mwanangu ni mkweli, na kesho yake akaniletea la tatu. Huko Copenhagen, Andreas Holtermann na wenzake waliwaangalia watu zaidi ya 104,000, wakaandika mwaka 2021 kwamba mwendo wa mapumziko, kama kukimbia au kucheza mpira, unapunguza hatari ya moyo, ila mwendo wa kazini, kunyanyua na kubeba, unaiongeza. Maelezo yao ni kwamba mchezaji huchoka kwa muda mfupi akapumzika apendavyo, mbebaji hubeba saa nyingi bila kupumzika ipasavyo, na presha yake hubaki juu hata akiwa amekaa. Nimeambiwa wenyewe bado wanabishana.

Sikubisha. Nilimkumbuka mwenzangu wa ubao mmoja. Huyu hakupata kiti kama mimi, alibeba mpaka mwisho. Asubuhi moja ya giza, mzigo ukiwa mwingi, alishusha gunia lake, akakaa juu yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya saa nne. Akaniita. Akaniambia mkono wa kushoto umekufa ganzi. Nikauchukua, nikauminya, akasema hasikii, na wakati anasema hivyo nikaona mdomo unakwenda upande. Alikuwa na miaka 47. Ngata yake ya kitambaa cha buluu ilikuwa bado begani. Tulimpandisha hospitali ya Bugando kwa bajaji, akaishi mwezi na siku chache.

Kwa hiyo naomba niulize kwa moyo wote: gunia lilinilinda mimi, au lilimuua yeye? Au yote mawili? Makuli wa San Francisco walikula walivyokula, wakalipwa kwa saa, wakalala kwenye vitanda vyao. Sisi tunalipwa kwa gunia, tunakula ugali mmoja saa nane, na gunia lenyewe limeshindiliwa na kuvishwa kilemba, ndiyo lumbesa. Serikali imelipigia kelele lumbesa miaka mingi kwa ajili ya mkulima anayepunjwa, na ni haki, lakini shingo na mgongo wa anayeibeba sijasikia vikitajwa. Jibu la London au la Copenhagen huwezi kulivisha mtu wa Kirumba kama shati la mtumba ukategemea limkae.

Tena kupima kunawezekana. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, watu wa nchi yetu hii, wamefungwa vipima mapigo vifuani na wakaguzi wa mambo haya, ikaonekana wanautumikisha mwili zaidi ya saa mbili kila siku, na presha kwao ni chache hata kwa wazee. Kama kipimo kinaweza kumfuata mwindaji porini, kinaweza kukaa kifuani kwa mchukuzi kati ya boti na lori.

Ninachoomba ni hiki. Mkija, njooni mara mbili, giza na mbalamwezi. Msituulize siku ngapi. Tuvisheni kipimo, kisha pimeni presha asubuhi kabla ya kazi na usiku baada ya kazi. Waulizeni na kina mama wanaoanika na kuchambua, wanaoinama kutwa nzima, kwa sababu wao kishikwambi kiliwapita kabisa. Na mkimaliza, rudini mtusomee mlichokiona, kwa Kiswahili, hapa hapa kwenye mchanga. Vijana wanaobeba leo wanaambiwa kliniki, "fanya mazoezi," kama wanavyoambiwa makarani. Wanatoka wakiwa na aibu ya kitu wasichokielewa. Inawezekana wanachohitaji kusikia ni "pumzika," na gunia jepesi. Anayeweza kutuambia ni ninyi.

Mimi nimeanza kutembea jioni, kutoka mwaloni hadi Kitangiri na kurudi, goti likiniruhusu. Asubuhi nipo kwenye mizani tangu saa kumi na mbili. Mkifika, muulizeni mchukuzi yeyote mzee wa daftari yuko wapi, atawaleta.

Mchukuzi wa zamani,
Mwaloni Kirumba, Mwanza