Kuta za Uhindini zisifunikwe na rangi za matangazo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniumiza kila ninaposhuka mjini Iringa, nalo ni jinsi kuta za maduka ya zamani ya mtaa wa Uhindini zinavyozidi kupakwa rangi za matangazo ya makampuni, kuanzia barazani hadi chini ya paa, hata maandishi na picha zilizochorwa kwa mkono zinatoweka.

Mwezi uliopita nilimkuta kijana akiwa juu ya ngazi, akifunika kwa rangi nyekundu picha ya cherehani iliyokuwa kwenye ukuta wa fundi nguo. Nimeijua picha ile tangu nikiwa mwanafunzi. Mchoraji alikuwa ameiwekea cherehani kivuli cha buluu hafifu, na uzi ukitoka kwenye sindano ulipinda ukawa herufi ya kwanza ya neno "Suti". Nilipomuuliza mwenye duka, alinijibu kwa unyonge kwamba ukuta ulikuwa umechakaa na kampuni ilijitolea kuupaka bila malipo. Simlaumu, kwa kuwa rangi ni ghali na biashara ya ushonaji imekuwa ngumu.

Ninachosikitikia ni kwamba eneo hilo ndilo tunalowapeleka wageni wetu. Sokoni kuna vikapu vya milulu, aina ya nyasi, vinavyosukwa na kina mama wa mkoa huu. Upo pia mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ambako mteja huandika anachotaka kwenye karatasi kwa sababu wahudumu ni viziwi, na bidhaa zinazouzwa hapo zimetengenezwa na watu wenye ulemavu. Boma, jengo lililoachwa na Wajerumani, ni makumbusho tangu mwaka 2016. Mgeni anayetoka huko akiwa na kikapu mkononi, kisha akaketi barazani kunywa chai na sambusa, anastahili kuona mbele yake mtaa wa Iringa, si ukuta ambao angeweza kuuona katika mji wowote wa nchi hii.

Naiomba Halmashauri ya Manispaa, kabla ya kuruhusu tangazo la ukutani katika mtaa huo, iweke sharti kwamba sehemu ya juu ya mlango ibaki na jina la duka lililoandikwa kwa mkono, na kwamba kampuni inayotaka ukuta imlipe mchoraji wa hapa mjini afanye kazi hiyo. Wachoraji hawajaisha. Aliyechora ile cherehani nilimwona juzi kituo cha daladala, amechuchumaa na brashi nyembamba, akiandika jina la njia ubavuni mwa gari.

Mkazi wa Kihesa,
Iringa