Tafadhali acheni kuandika "mitungi ya oksijeni"

Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu Richard Harris na Craig Challen, wale Waaustralia wawili waliokuwamo katika uokoaji wa watoto pangoni Thailand mwaka 2018. Mmeeleza vizuri jinsi Februari 2023 walivyozama mita 230 ndani ya chemchemi ya Pearse, New Zealand, kwenye maji ya nyuzi joto 6. Nilifurahi, maana ni nadra gazeti la Kiswahili kuigusa kazi hii. Lakini katikati ya habari mkaandika kwamba walishuka "wakiwa na mitungi ya oksijeni mgongoni", na chini ya picha mkarudia vilevile. Naomba nafasi nieleze kwa nini maneno hayo yananikosesha usingizi.

Mimi ni mtu wa Tongoni, Tanga. Siku hizi naishi Lohja, Finland, na kazi yangu ni kujaza mitungi ya wazamiaji. Mji huu una mgodi wa zamani wa chokaa, unaitwa Ojamo, uliojaa maji baada ya kuachwa. Unashuka zaidi ya mita 200, na huko chini maji ni nyuzi 4 mwaka mzima. Wazamiaji huja kutoka nchi nyingi, na wakati wa baridi tunakata barafu kwa msumeno ndipo waingie. Hata mimi huzama, ingawa si kwa kina chao.

Mwaka juzi mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka nyumbani. "Shikamoo mjomba. Mtungi nimepata. Fundi wa kuchomelea ananiachia ule wake mweusi, oksijeni tupu, tena bora kuliko hewa ya kompresa. Mpira ninao. Kesho maji yakipwa natoka na wenzangu kuchukua majongoo bahari, pima kumi tu."

Pima kumi ni mita 18. Hapo presha inakaribia mara tatu ya ile ya juu ya maji, na oksijeni tupu ikivutwa kwa presha hiyo inakuwa sumu ya ubongo. Mtu anashikwa na degedege, meno yanaachia mpira, anavuta maji. Mara nyingi hapati hata dalili ya kumshtua. Sisi huku oksijeni tupu hatuivuti chini ya mita 6, na hata hapo mtu anakuwa ametulia, kashika kamba, anasubiri muda wake wa kupanda.

Nilimpigia palepale. Hakupokea. Nikampigia dada yangu, naye akatoka mbio na kanga yake hadi pwani. Kijana aliporudi kwenye simu hakubisha kwa utukutu, aliuliza kwa dhati: "Sasa mjomba, mbona gazetini wanaandika wazamiaji wanatumia oksijeni?" Mtungi aliurudisha jioni ileile. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na ndilo linalonifanya niwaandikie.

Kila mtungi unaotoka mikononi mwangu naupima gesi yake, nasubiri namba itulie, kisha nabandika tepu nyeupe shingoni. Juu yake naandika kwa wino mzito: oksijeni asilimia ngapi, heliamu (gesi nyepesi tunayochanganya humo) asilimia ngapi, kina cha mwisho kuruhusiwa, tarehe, na herufi za jina langu. Mwenye mtungi anapima tena mwenyewe, hata kama tumefahamiana miaka kumi. Hakuna anayechukia kupimiwa kazi yake. Mchanganyiko wa kushukia mita 100 una oksijeni asilimia 10 hivi, yaani nusu ya iliyomo katika hewa hii tunayovuta. Ukiuvuta ukiwa umesimama nchi kavu unaweza kuzimia. Chini kule, kwa sababu ya presha, huohuo unakutosha kabisa. Kwa hiyo ukisema "mtungi wa oksijeni" hujamwambia msomaji kitu, au umemwambia uongo unaoua.

Harris na mwenzake walitumia chombo cha kurudisha pumzi, ambacho wazamiaji hukiita ribridha. Pumzi unayoitoa bado ina oksijeni nyingi ambayo mwili haukuitumia. Ribridha haiitupi majini kama viputo. Inaipitisha kwenye mkebe wa chembechembe za chokaa ya soda zinazonasa hewa ukaa, inaongeza oksijeni kidogo kufidia iliyotumika, kisha inakurudishia mdomoni. Faida yake inaonekana ukipiga hesabu. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, akifika mita 230 anahitaji mara 24 ya hizo, na mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi presha ya baa 200 ungemwishia katika dakika tano. Mwili wenyewe unatumia lita moja hivi ya oksijeni kwa dakika, awe juu au chini, ila akifanya kazi nzito inaongezeka.

Oksijeni imo basi, sikatai. Ni mtungi mdogo, wa lita mbili au tatu, na gesi yake haiendi moja kwa moja mdomoni. Inaingia tone kwa tone, huku vihisi vitatu vikiipima, viwili vikiweza kukisuta cha tatu kikikosea. Mtungi wa pili una mchanganyiko wenye heliamu. Harris aliongeza na haidrojeni huko chini kabisa, kwa sababu heliamu kwa kina kile inatetemesha mikono, nayo nitrojeni inaifanya gesi kuwa nzito kuvutika.

Na hapo bado hatujafika kwenye baridi, ambayo habari yenu iliipitia kwa sentensi moja. Chokaa ile hufanya kazi kwa joto. Ukigusa mkebe baada ya dakika tano za kupumua nchi kavu unausikia una uvuguvugu, kama chungu kilichoepuliwa zamani. Kwenye maji ya nyuzi 4 joto hilo linaporwa, chembe za pembeni zinalegea, na hewa ukaa inaanza kupenya. Ikipenya unatweta. Ukitweta, inapenya zaidi, na inafika mahali mtu hawezi kuachia mdomo hata kwa sekunde mbili ili ahamie mtungi wa akiba. Ndiyo maana tunabadilisha chokaa hata kama inaonekana bado nzuri, na sioni ubahili wowote unaostahili hapo.

Wafini wawili walifariki Februari 2014 katika pango la Plura, Norway, mahali panaposhuka zaidi ya mita 100 kwenye maji ya baridi hivyo. Mmoja alinasa penye wembamba. Polisi walilifunga pango, na mwezi uliofuata marafiki zao wakaingia bila ruhusa wakawatoa. Huku jambo hilo watu hulizungumza kwa sauti ya chini hadi leo.

Kupanda nako kuna adhabu yake. Kutoka kina kile mtu husubiri kwa saa nyingi, kituo baada ya kituo, gesi iliyoingia mwilini itoke taratibu isije ikatengeneza viputo kwenye damu. Akiwa amepoa, damu haifiki vizuri mikononi na miguuni na gesi inabaki humo. Jeshi la Maji la Marekani lililipima hili kwa watu: waliokuwa na joto chini kisha wakapoa wakati wa kupanda waliugua zaidi sana kuliko wenzao waliofanyiwa kinyume. Kwa hiyo fulana ya umeme ya kupasha mwili joto, inayovaliwa ndani ya suti kavu isiyoingiza maji, inawashwa kwa hesabu, na betri inatunzwa kwa ajili ya safari ya kurudi. Nimewavua watu glavu wakitoka majini wakiwa hawawezi kufungua kifungo, na wanatabasamu.

Ombi langu ni dogo. Mzamiaji wa kitalii pale Mnemba au Mafia andikeni "mtungi wa hewa". Msipojua kilichomo andikeni "mtungi wa gesi". Kwa akina Harris andikeni "chombo cha kurudisha pumzi". Oksijeni itajeni pale tu inapokuwa oksijeni kweli. Na sahihisho hili naomba mlichape kwenye ukurasa uleule mlioweka ile picha, kwa herufi za ukubwa uleule, maana vijana wanaosoma ukurasa huo ndio wanaokwenda kwa fundi wa kuchomelea.

Msomaji wenu,
Lohja, Finland