Risala ya vijana wachonga picha wa Ngamiani kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi, na nyie mliofuata harufu ya pilau, shikamooni, asalaam aleykum, karibuni Ngamiani. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini wewe mheshimiwa tunakuomba usiondoke kabla hujazunguka kuta zote nne za maonyesho yetu.

Kazi yetu ni kuchonga picha kwenye lino, lile tandiko gumu la sakafuni linalofanana na mpira. Unachonga kwa patasi ndogo, unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu yake, unasugua na mgongo wa kijiko mpaka ishike, na kibao kimoja kinatoa nakala kibao ndo maana tunauza bei ambayo hata dereva boda anaimudu. Kazi ipo kwenye maandishi, hayo lazima uyachonge kinyumenyume.

Sasa angalia ile ya mgambo pale dirishani. Anamfukuza mama ntilie, mkono mmoja kabeba sufuria la watu, mwingine kauficha nyuma na andazi, na chini limeanguka daftari la madeni limefunguka, jina la kwanza kabisa limeandikwa AFANDE. Hayo maandishi mchongaji kayahangaikia kuliko mgambo mwenyewe! Pembeni yake kuna boda kapakia godoro, mke wa mtu na kuku watatu, helmeti kaivalisha kiwiko.

Wapo wanaonuna, wanasema tunawadhalilisha. Kwakweli hatutaji mtu, ila mtu akijiona humo tufanyeje? Na huu utani wa kuchapa hatukuuanzisha sisi. Kule London mwaka 1751 William Hogarth alichapa picha ya mtaa uliolewa jini, ile pombe kali (gin), mama kalewa kakaa kwenye ngazi mpaka mtoto anamdondoka, akaiuza shilingi moja ya kwao ili isambae, na mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya kubana biashara ya jini. Ufaransa nako Honoré Daumier alimchora mfalme kama jitu linalomeza mali za raia, mwaka 1832 akafungwa. Mheshimiwa hapo umeelewa kwanini tumekupa kiti kizuri.

Huyo Hogarth alichoka kuibiwa picha zake akapigania sheria ya kuwalinda wachongaji, ikapita 1735. Sisi sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999 lakini bado tunakutana na picha zetu mnadani ziko kwenye fulana, muuzaji anatukaribisha tununue! Kwahiyo ombi letu kubwa ni mtu wa kutushika mkono tukasajili kazi zetu COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, maana fomu tunazisikia tu. Mashine ya kuchapia tungefurahi pia, kijiko kinatuua mabega, na kama kuna ukuta wowote pale soko la Mgandini unaweza kutuombea tutundike, sababu walioko kwenye picha wako kule sokoni, huku ndani wanaona noma kuingia.

La mwisho, kuna picha pale mlangoni ya mheshimiwa mmoja wa suti anakata utepe wa bomba, na nyuma yake foleni ya ndoo kavu. Ile tuliichonga kabla hujakubali mwaliko wetu, mashahidi tunao.

Tunaomba kuwasilisha.