Mwiko hauishi kwa mzaha mmoja

Mhariri,

Waandishi wa vichekesho vya kifamilia hapa Kisumu wakitaka kugusa mwiko, wautazame Maude, mchezo wa kuchekesha wa runinga wa Marekani. Novemba 1972 kipindi hicho kilitenga sehemu mbili nzima kwa mama wa miaka 47 anayewaza kutoa mimba. Binti yake ana msimamo wake, mume wa mama huyo naye anasitasita, na kila mmoja anapewa nafasi ya kusema. Kicheko kinatokana na aibu ya watu wazima, kamwe si na masaibu ya mama.

Siku hizi mada nzito hurushwa kwa mzaha mmoja, kisha tunakimbilia tangazo. Mtoto sebuleni amelisikia neno, maana hakupewa. Na kukisogeza kipindi hadi baada ya saa nne usiku kunamnyima kijana mjadala wenyewe.

Mtazamaji,
Kondele, Kisumu